Jinsi ya kuliongezea nguvu gari dogo kuukuu bila kufilisika

MWENYE gari dogo la zamani anayeishi Myanga, katika eneo la Bumula, kaunti ya Bungoma, huyafahamu vyema masaibu ya safari ya Kitale. Afikapo Bungoma mjini na Kanduyi, gari bado lina uchangamfu. Lakini akishapita Webuye na kushika njia ya Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, injini huanza kulalama. Gia ya nne hushindwa, dereva hurejea ya tatu, na mbele yake kuna lori la mizigo linalojikokota, naye hana nguvu ya kulipita.

Hapo ndipo wengi hukata kauli kwamba gari lao linahitaji kuongezewa nguvu. Mmoja hushauriwa kubadilisha bomba la moshi, mwingine huuziwa chujio la hewa la rangi nyekundu linalong'ara, na wa tatu huahidiwa injini kubwa kutoka ng'ambo. Pesa hutoka, kelele huongezeka, ila mlima wa Kitale hubaki palepale.

Makala haya yanaeleza namna ya kulifanya gari dogo kuukuu liende vizuri zaidi kwa gharama ndogo, na kwa mpangilio upi. Jambo la kwanza ambalo msomaji anafaa kulitia akilini ni hili: sehemu kubwa ya nguvu anayoitafuta alikwisha kuinunua siku aliponunua gari. Nguvu hiyo imepotea kidogo kidogo kwa uchakavu na matengenezo duni. Kuirejesha ni rahisi kuliko kununua nyingine.

Magari yenyewe

Tunapozungumzia magari madogo ya zamani, tunakusudia yale ambayo bado yanaonekana kwa wingi katika barabara za magharibi mwa Kenya: Toyota Starlet, Toyota Corolla za miaka ya 1980 na 1990, Nissan Sunny na Nissan March. Mengi yana injini za kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 1,500. Starlet, kwa mfano, iliacha kutengenezwa mwaka 1999, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, zilizopo nchini ndizo hizo hizo zinazorithishwa kutoka mkono hadi mkono.

Magari haya yana sifa mbili zinazomfaa mtu wa kipato cha chini. Kwanza, ni mepesi. Starlet nyingi zina uzito wa takriban kilo 800 tu. Pili, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, iwe katika maduka ya Bungoma na Kitale au katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan.

Kimo cha ardhi hula nguvu

Kabla ya kumlaumu fundi, ni vyema kujua kwamba ardhi yenyewe hupunguza nguvu za injini. Injini huunguza petroli kwa kutumia hewa, na hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda juu. Bungoma iko kwenye kimo cha karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitale iko karibu mita 1,900. Katika kimo cha Bungoma, hewa ina takriban asilimia 87 ya uzito iliyo nao Mombasa. Kitale, kiwango hicho hushuka hadi karibu asilimia 83.

Maana yake ni kwamba injini isiyo na tabo, ambayo kiwandani ilipimwa kuwa na nguvu za farasi 75, hubaki na takriban 65 ikiwa Bungoma na 62 ikiwa Kitale, hata kama ni mpya kabisa. Ikiwa imechakaa, hasara huongezeka juu ya hiyo.

Magari yanayotumia kabureta huathirika kwa njia nyingine. Kabureta iliyorekebishwa pwani huendelea kumimina petroli ileile ingawa hewa imepungua. Petroli huzidi hewa, plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi mweusi hutoka na harufu ya petroli husikika. Fundi anayejua kazi yake hupunguza petroli katika kabureta na kuiwahisha cheche kidogo ili kulingana na kimo cha mahali. Marekebisho haya hayahitaji kipuri cha bei ghali, na mara nyingi tofauti yake huhisika siku hiyo hiyo. Magari yenye mfumo wa injekta na kompyuta hujirekebishia petroli yenyewe, mradi vihisi vyake viwe vizima, lakini nayo hayawezi kuikwepa hasara inayoletwa na hewa nyepesi.

Pima kabla ya kutumia pesa

Watu wengi hubadilisha kifaa kisha hujiaminisha kwamba gari limepata mbio. Sikio hudanganywa na kelele. Kipimo cha kweli ni saa. Tafuta kipande cha barabara kilicho tambarare, kitupu na chenye kuonekana mbali. Ukiwa na mwenzako anayeshika saa, hesabu sekunde ambazo gari huchukua kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa katika gia ya tatu. Rudia mara tatu, uandike wastani. Baada ya kila matengenezo, rudi mahali pale pale ukiwa na mzigo ule ule. Sekunde zisipopungua, kifaa kile hakikuongeza kitu.

Hatua inayofuata ni kumwomba fundi apime mbano wa kila silinda. Kazi hii huchukua muda mfupi nayo hueleza hali ya injini kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Hapa kuna jambo ambalo huwakanganya wengi: vipimo vilivyoandikwa vitabuni ni vya usawa wa bahari, hivyo injini nzima ikipimwa Kitale itaonyesha namba ndogo zaidi. Linalofaa kuangaliwa zaidi ni tofauti baina ya silinda. Ikiwa silinda moja iko chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna kasoro.

Ili kujua kasoro ilipo, fundi hutia kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda iliyo dhaifu, kisha hupima tena. Mbano ukipanda, ringi za pistoni au silinda zimelika. Usipopanda, huenda vali hazifungi sawasawa au gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Injini ambayo silinda zake zote ni dhaifu haifai kurembwa kwa vifaa vya mwendo. Mwenye gari atakuwa anapaka rangi nyumba inayobomoka.

Rejesha nguvu iliyopotea

Iwapo mbano ni mzuri, anza na mambo madogo. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba, na katika injini kuukuu msemo huo una ukweli mwingi.

Chujio la hewa hutangulia. Barabara nyingi za vijijini katika Bumula ni za murram, na wakati wa kiangazi vumbi la magari na matrekta ya miwa huliziba chujio mapema kuliko muda ulioandikwa na kiwanda. Ukiishi katika njia za vumbi, lichunguze kila mwezi. Chujio la petroli nalo husahaulika hadi gari linapokatakata mwendo kwenye mlima.

Halafu kuna mfumo wa cheche: plagi, nyaya zake, na katika magari ya zamani, kifuniko cha distribyuta na rota yake. Waya uliopasuka huvujisha umeme. Ukifungua boneti usiku injini ikiwa inanguruma, unaweza kuona vicheche vikiruka. Nafasi ya vali nayo hupimwa na kurekebishwa. Magari ya zamani zaidi, yaliyoundwa enzi za petroli yenye risasi, yanahitaji uangalizi huu zaidi, kwa kuwa petroli hiyo iliondolewa katika vituo vya Kenya kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na baadhi ya injini hizo hulika makalio ya vali zinapokosa risasi.

Kuna desturi moja mbaya katika gereji nyingi. Gari likichemka, fundi huitoa themostati na kuitupa, kisha humwambia mwenye gari kwamba tatizo limekwisha. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake la kazi. Kompyuta ya gari lenye injekta hudhani injini ingali baridi na huendelea kumwaga petroli ya ziada. Matokeo yake ni gari zito, lenye kunywa mafuta na linalochakaa haraka. Rudisha themostati, safisha rejeta, na utumie maji yenye dawa ya kuzuia kutu badala ya maji ya mtoni.

Petroli yenyewe ichunguzwe. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hupunguza nguvu na kuifanya injini igonge. Mchezo huo ulikithiri hata serikali ikaanzisha mwaka 2018 ushuru maalumu wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara ni ya kuepukwa, hata bei yake ikivutia.

Hatimaye, angalia vitu vinavyolizuia gari kwenda. Baada ya safari fupi isiyo na breki nyingi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Likiwapo lililo moto kuliko mengine, breki yake imekwama. Ukikanyaga mafuta kwenye mlima na injini ikapiga mbio huku gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Matairi yenye upepo mchache nayo hulemea injini na kula petroli.

Breki na matairi kabla ya mbio

Baada ya nguvu kurudi, kishawishi ni kutafuta nyingine zaidi. Hapa ndipo penye hatari. Nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiongezeki sambamba na kasi, bali huongezeka kwa kipeo cha pili. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nguvu hiyo zaidi kwa asilimia 56 kuliko likiwa kwenye kilomita 80. Breki zilizotosha jana huenda zisitoshe kesho.

Badilisha oili ya breki kila baada ya miaka miwili, kwa maana hunyonya unyevu hewani na ikipata joto kwenye mteremko huchemka, kisha kanyagio huzama bila breki kushika. Weka padi za kuaminika mbele, na uhakikishe lining'i za nyuma zimerekebishwa. Shokomzoba, yaani vifaa vya kutuliza mrukoruko wa gari, zikiisha hulifanya tairi lirukeruke na kushindwa kushika barabara, hasa kwenye kona yenye mashimo.

Kuhusu matairi, kabla ya kulipa soma namba nne zilizopigwa ubavuni. Tairi lenye namba 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu lakini mpira wake umekauka kwa uzee. Tairi likilika hadi kufikia vijiti vidogo vilivyo ndani ya mifereji yake, vyenye kimo cha milimita 1.6, muda wake umekwisha.

Tahadhari nyingine inawahusu wanaopenda kuliinua gari kwa matairi makubwa. Ukiondoa tairi la kipimo cha 165/70 R13 na kuweka 185/65 R14, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 6. Nguvu ya kuvuta magurudumuni hupungua kwa kiasi hicho hicho, sawa na kulipandisha gari mlima mrefu zaidi. Tena mshale wa mwendo utasoma 100 ilhali gari linakwenda 106. Hivyo mtu hulipa pesa ili gari lake liwe dhaifu.

Nguvu ya ziada kwa bei nafuu

Iwapo yote yaliyotajwa yamekamilika na bado unataka zaidi, kuna njia chache zenye maana.

Ya kwanza ni bure: punguza uzito. Vyuma, vipuri vya akiba visivyohitajika, spika kubwa na keria ya juu ya gari vyote huliwa na injini. Kuondoa kilo 50 katika gari ambalo pamoja na dereva lina kilo 900 ni kupunguza zaidi ya asilimia 5 ya mzigo, jambo ambalo bomba la moshi la bei ghali haliwezi kuahidi.

Ya pili ni bomba la moshi lisilo na vizuizi. Kama la zamani limeoza, limebonyea, au masega yaliyo ndani ya kisafisha moshi yamevunjika na kuziba njia, kulitengeneza huleta nafuu. Lakini kulipanua kupita kiasi au kuondoa kipunguza kelele huongeza kishindo tu.

Ya tatu ni kubadilisha injini. Kwa Starlet zenye injini ya 4E ya sentimita za ujazo 1,331, mafundi wengi huweka ya 5E, yenye 1,496, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na hukaa bila kukata vyuma vingi. Ongezeko hilo la ujazo, la karibu asilimia 12, takriban linafidia kile ambacho kimo cha Bungoma hukila. Hata hivyo, injini ya mtumba ni bahati nasibu: ipimwe mbano kabla ya kulipiwa, inunuliwe kwa risiti na karatasi za forodha, na mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla haijafungwa.

Tabo tuiache kwa wenye mifuko mipana. Toyota yenyewe ilitengeneza Starlet zenye tabo, lakini ziliundwa hivyo tangu kiwandani, zikiwa na pistoni, breki na gia za kustahimili kazi hiyo. Kubandika tabo kwenye injini kuukuu ya kawaida ni kuiharakishia kaburi. Chujio la wazi lisilo na boksi nalo halifai kwetu. Huvuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti pamoja na vumbi.

Funzo kutoka Safari Rally

Wanaodhani kwamba ushindi ni wa injini kubwa wanafaa kumkumbuka marehemu Joginder Singh. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda mbio za Safari kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya awali. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hiyo kwa Mitsubishi Lancer ya sentimita za ujazo 1,600, akimtangulia Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche 911. Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na sifa yake kuu ilikuwa kuliandaa gari vyema na kulifikisha mwisho wa safari.

Sheria na bima

Injini ikibadilishwa, namba yake haiwiani tena na ile iliyo kwenye kitabu cha umiliki. Mwenye gari anapaswa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ili kumbukumbu zirekebishwe. Vivyo hivyo akibadilisha rangi au umbo la gari. Asiyefanya hivyo hujitia taabani siku ya kukaguliwa au ya kuliuza gari. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi, maana ajali ikitokea, mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa fidia.

Mpangilio wa matumizi

Kwa muhtasari, mwenye bajeti ndogo afuate utaratibu huu:

1. Kupima mwendo kwa saa na kupima mbano wa injini.
2. Plagi, nyaya, vichujio, oili, nafasi ya vali, themostati na marekebisho ya kabureta au cheche.
3. Breki, matairi ya kipimo sahihi na shokomzoba.
4. Kupunguza uzito na kutengeneza bomba la moshi.
5. Injini nyingine, ikiwa tu pesa zimebaki na mwili wa gari haujaoza.

Wengi watakaofuata hatua tatu za kwanza wataona hakuna haja ya kufika ya tano.

Mwisho, turejee kwa yule dereva aliye nyuma ya lori. Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, naye analipita akiwa kwenye 80. Kutoka mahali anapoanza hadi kurudi upande wake kwa usalama, anahitaji karibu sekunde 12, na katika muda huo atakuwa amesafiri takriban mita 270. Gari linalomjia kwa kasi kama yake litakuwa limesafiri umbali uo huo. Hivyo anahitaji zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu mbele yake.

Gari lililotengenezwa vizuri litampunguzia sekunde moja au mbili. Halitampa barabara ambayo haioni. Asiyeona nusu kilomita mbele yake na akae nyuma ya lori, hata injini yake iwe mpya namna gani. Kitale haihami, na mwenda pole hajikwai.